Sindano ya Mwisho na Siku za Mwanzo za Kiinitete

Mwishoni mwa Novemba 2023 vyombo vya habari vya Afrika Mashariki vilitangaza kwamba mwanamke wa Uganda mwenye umri wa miaka 70 amejifungua mapacha mjini Kampala, baada ya mimba yake kutungishwa nje ya mwili. Habari kama hiyo haibaki mjini. Hufika Kwashemshi, huko Korogwe, kati ya mashamba ya mkonge. Huvuka bahari ikafika Pemba, Tumbatu na Mafia. Huingia katika kila nyumba ambayo ndoa imetimiza miaka mitano au kumi bila ya mtoto. Wengi walioisikia walibaki na picha ya muujiza. Wachache walielezwa kwamba, kama ilivyoripotiwa, yai lililotumika halikuwa la mama yule, bali lilitolewa na mwanamke mwingine.

Hapana haja ya kueleza kirefu uzito wa ugumba katika jamii zetu. Mke hurudishwa kwao. Mume huoa mke wa pili kabla yeye mwenyewe hajapimwa hata mara moja. Mbuzi na fedha hupelekwa kwa waganga. Mwezi Aprili 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba duniani kote mtu mzima 1 kati ya 6 hupatwa na tatizo la kutopata mtoto kwa wakati fulani wa maisha yake. Kwa hiyo jambo hili si aibu ya nyumba moja, wala si laana ya ukoo. Ni suala la afya ya umma, na lastahili kuzungumzwa kwa uwazi kama tunavyozungumzia malaria na kifua kikuu.

Leo tunakusudia kueleza sehemu moja tu ya matibabu hayo, ambayo wananchi hawaelezwi vya kutosha na ambayo viongozi wa afya wanapaswa kuielewa kabla ya kupanga huduma. Nayo ni sindano ya mwisho, ile inayochomwa ili mayai ya mwanamke yapevuke. Ni sindano moja, huchomwa kwa dakika moja, lakini fedha zote zilizotumika kabla yake, usalama wa mama, na siku za mwanzo za kiinitete, vyote huitegemea.

AKIBA ILIYOMO NDANI YA YAI

Mtoto wa kike huzaliwa akiwa tayari na mayai yake. Kila yai huwa limeanza kujigawa kabla hajazaliwa, kisha likasimama katikati ya kazi hiyo. Husimama hivyo kwa miaka 15, 30 au hata 40, likingojea amri. Amri hiyo hutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, iitwayo pituitari. Kila mwezi tezi hiyo humwaga kwa wingi homoni iitwayo LH, na mmwago huo huendelea kwa muda wa kama siku mbili. Yai linalopata amri huendelea na mgawanyiko wake, hutoa nje nusu ya kromosomu zake na kubakiwa na 23, kisha husimama tena likingojea mbegu ya mwanamume. Kazi hiyo huchukua kiasi cha saa 36.

Lakini kupunguza kromosomu si kazi pekee ya yai katika saa hizo. Ndani ya yai kuna akiba ya chakula, ya protini na ya maagizo, ambayo hapana budi ikamilishwe na kupangwa. Akiba hiyo ndiyo itakayokilea kiinitete katika siku zake za mwanzo. Baada ya mbegu kuingia, kiinitete hugawanyika: siku ya pili aghalabu huwa na seli 4, siku ya tatu seli 8. Mwaka 1988 wataalamu wa Uingereza walionyesha kwamba jeni za kiinitete chenyewe huanza kufanya kazi kati ya hatua ya seli 4 na ya seli 8. Kabla ya hapo kiinitete huishi kwa akiba aliyoiweka mama ndani ya yai. Siku ya tano huwa kimefikia hatua iitwayo blastosisti, mfano wa kifuko kidogo chenye maji, na siku moja au mbili baadaye huwa tayari kujishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba.

Kwa maelezo hayo msomaji ataona mara moja kwa nini amri ya kupevuka ina uzito. Ikitolewa mapema, yai hubaki bichi, na yai bichi halitungishiki vizuri; hata likitungishwa, kiinitete chaweza kukwama njiani. Ikichelewa, yai hupitiliza, au hutoka lenyewe na kupotea kabla daktari hajalichukua. Ndiyo sababu madaktari huvipima kwa ultrasaundi vifuko vinavyobeba mayai, na kwa kawaida hungoja hata viwili au vitatu vifikie upana wa milimita 17 au 18 ndipo wakaagiza sindano.

KUTOKA KWA CHURA HADI MAABARA

Dawa ya kwanza iliyotumika kuiga amri hiyo haikutoka kwenye pituitari. Ilitoka katika mkojo wa wanawake wajawazito. Mwaka 1927 wanasayansi wawili wa Berlin, Selmar Aschheim na Bernhard Zondek, walionyesha kwamba mkojo wa mja mzito una kitu kinachochochea ovari za panya. Muda mfupi baadaye Lancelot Hogben, aliyekuwa akifundisha Cape Town, akagundua kwamba chura wa Afrika mwenye makucha hutaga mayai katika muda wa saa chache akichomwa dutu ya aina hiyo. Chura huyo alisafirishwa kwenda hospitali za Ulaya na Marekani, na kwa miaka mingi akawa ndiye kipimo cha mimba. Wengi hawajui kwamba mnyama huyo, ambaye jamaa zake wamo katika madimbwi yetu hapa Afrika Mashariki, alitoa ushahidi wa wazi kuwa homoni ya mimba, iitwayo hCG, inaweza kuamuru mayai yatoke.

Hatua zilizofuata zilikuwa za binadamu. Mwaka 1958 Carl Gemzell wa Sweden alieleza namna ya kukuza mayai kwa homoni zilizotolewa kwenye pituitari za watu waliofariki, kisha kumalizia kwa hCG. Nchini Italia ilitengenezwa dawa ya namna hiyo kutoka katika mkojo wa wanawake waliokoma hedhi, ambao wengi wao walikuwa masista wazee katika nyumba zao za kitawa. Mtoto wa kwanza kutokana na dawa hiyo alizaliwa mwaka 1962. Tarehe 25 Julai 1978 alizaliwa Uingereza Louise Brown, mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili, kwa kazi ya Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy. Yafaa ikumbukwe kwamba katika mimba ile wataalamu hao waliziacha dawa. Walipima mkojo wa mama usiku na mchana ili kuinasa amri ya mwili wenyewe, wakachukua yai moja tu. Baadaye dawa zilirudi, kwa kuwa mayai mengi huongeza matumaini.

Huku kwetu, Uganda ilipata mtoto wa kwanza wa namna hiyo mwaka 2004, na Kenya mwaka 2006. Leo huduma hiyo inapatikana pia Dar es Salaam. Kwa hiyo hatuzungumzii mambo ya ng'ambo.

DAWA MBILI, TABIA MBILI

Sindano za mwisho zinazotumika sana ni za aina mbili. Ya kwanza ni hCG yenyewe. Hiyo hufanana na LH kiasi kwamba yai haliwezi kuzitofautisha, lakini hukaa mwilini muda mrefu zaidi. LH hupungua kwa nusu katika muda wa saa moja hivi. hCG huchukua zaidi ya siku nzima kupungua kwa nusu, na athari yake huendelea kwa wiki moja au zaidi. Jambo hilo lina faida: vifuko vilivyotoa mayai huendelea kuhimizwa kutoa projesteroni, homoni inayoutayarisha mji wa mimba. Lakini lina hatari pia. Kwa mwanamke mwenye vifuko vingi, na hasa kijana au mwenye maradhi ya ovari zenye vifuko vingi vidogo, himizo hilo refu huweza kuzivimbisha ovari, maji yakavuja na kujaa tumboni, damu ikawa nzito na kuganda, mkojo ukapungua. Maradhi hayo huweza kuua.

Dawa ya aina ya pili haiigi LH. Huigonga pituitari yenyewe na kuifanya imwage LH ya mwanamke huyo pamoja na homoni nyenziwe, FSH. Mfano wake ni triptorelini na buserelini. Mmwago huo ni mfupi kuliko ule wa asili, kiasi cha saa 24 hadi 36, kisha hukoma. Kwa kuwa hukoma mapema, ovari hazivimbi kwa urahisi. Lakini kwa sababu hiyo hiyo vifuko hunyauka mapema, projesteroni hupungua, na mji wa mimba hukosa matayarisho.

Mwaka 2014 wataalamu wa Cochrane walikusanya majaribio 17 yaliyolinganisha dawa hizo. Walieleza matokeo yao hivi: iwapo mwanamke ana nafasi ya asilimia 31 ya kupata mtoto hai akitumia hCG, basi akitumia dawa ya aina ya pili na kurudishiwa kiinitete papo hapo, nafasi yake huwa kati ya asilimia 12 na 24. Kwa upande wa usalama, iwapo hatari ya kuvimba ovari ni asilimia 5 kwa hCG, kwa dawa ya pili huwa kati ya sifuri na asilimia 2. Yaani moja huongeza matumaini na hatari pamoja. Nyingine hupunguza yote mawili.

Je, upungufu huo wa mimba hutokana na kiinitete kudhurika, au na kitu kingine? Hapa ndipo penye kiini cha makala yetu. Majaribio hayo yalihusu pia wanawake waliotoa mayai yao yakatiwa katika miili ya wanawake wengine. Huko haikuonekana tofauti ya watoto waliozaliwa, iwe mtoaji alichomwa dawa hii au ile. Maana yake ni kwamba yai lililopevushwa kwa dawa ya pili lilikuwa zima, na kiinitete chake kilikuwa na nguvu. Kilichoharibika ni matayarisho ya mji wa mimba wa yule aliyechomwa sindano. Mkulima wa Kwashemshi ataelewa upesi: mche ulikuwa mzuri, lakini shamba lilikuwa halijalainishwa.

Ujuzi huo umebadilisha matibabu. Baadhi ya madaktari humwongezea mama hCG kidogo, kiasi cha yuniti 1,500, siku ya kuchukua mayai, badala ya yuniti 5,000 au 10,000 za kawaida. Wengine huchanganya dawa zote mbili. Wengine huvigandisha viinitete vyote katika nitrojeni ya maji, wakamwacha mama apumzike, kisha wakamrudishia kimoja mwezi mwingine akiwa na afya. Mwaka 2014 pia watafiti wa London walieleza jaribio la wanawake 53 waliochomwa dutu ya asili iitwayo kisspeptini, ambayo huanzia juu zaidi, kwenye ubongo wenyewe, nayo iliyapevusha mayai yao. Wako pia wanaopiga picha za viinitete kila baada ya dakika chache na kupima kasi ya mgawanyiko wake kwa kila dawa. Tofauti ndogo zinazotajwa huko bado hazitoshi kumshauri mgonjwa achague dawa kwa ajili hiyo.

MASAFA, SAA NA BARIDI

Baada ya elimu hiyo, sasa tuyatazame mazingira yetu. Tuchukue mfano wa mwanamke wa Kwashemshi anayetibiwa Dar es Salaam. Daktari anamwambia achome sindano Jumatatu saa 4 usiku. Mayai yatachukuliwa Jumatano saa 4 asubuhi, yaani baada ya saa 36. Akikosea kwa saa kadhaa, au basi likiharibika njiani, kazi ya wiki mbili na mamilioni ya shilingi hupotea. Kwa mwenzake wa Pemba kuna bahari katikati, na bahari haina ratiba wakati wa kusi kali. Kwa hiyo ushauri wetu kwa wagonjwa ni kwamba siku za sindano ya mwisho zisiwe siku za safari. Afadhali kukaa kwa ndugu karibu na hospitali.

Pili ni baridi. Aina kadhaa za dawa hizi huhitaji kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Zikikaa ndani ya mkoba juu ya paa la basi, hupoteza nguvu, na hapana dalili ya nje itakayomwonya mtumiaji. Mikoa yetu inao mnyororo baridi wa chanjo, na watumishi wake wanajua kazi hiyo. Ujuzi huo ungeweza kuwasaidia pia wagonjwa hawa bila gharama kubwa.

Tatu ni hatari inayorudi nyumbani. Mama aliyechomwa hCG Dar es Salaam anaweza kuvimba tumbo siku chache baadaye akiwa kijijini. Je, mganga wa zahanati atatambua? Akimdhania ana minyoo, au akamwambia ni mimba inakua, wakati wa kumwokoa utapita. Dalili ni chache na zafundishika: tumbo kujaa upesi, uzito kuongezeka kwa siku mbili tatu, kutapika, pumzi kubana, mkojo kuwa haba. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali bila kukawia, na atamke wazi kwamba alichomwa sindano ya kupevusha mayai. Siri hapa ni adui.

Nne, kipimo cha mimba cha dukani hupima hCG hiyo hiyo. Mwanamke akijipima mapema baada ya sindano hiyo, kipimo chaweza kusema ana mimba ilhali kinaona dawa tu, na hali hiyo huweza kuendelea kwa siku kumi au zaidi. Furaha ya uongo huumiza kuliko subira. Angoje siku aliyopangiwa na daktari.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Hatusemi kwamba kila wilaya ijengewe maabara ya viinitete. Serikali yenye watoto wa kuchanja na wajawazito wa kuzalisha salama ina mambo ya kutangulia. Isitoshe, sehemu kubwa ya ugumba wa bara letu ingeweza kuzuiwa. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 1985 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 85 ya wanawake wagumba wa Afrika waliochunguzwa walikuwa na tatizo linalotokana na maambukizo, wakati kwa dunia nzima ilikuwa kama theluthi moja. Kisonono na klamidia visivyotibiwa, uzazi usio safi na utoaji mimba wa kificho huiziba mirija. Mirija ikiziba, hakuna sindano ya kupevusha itakayoifungua. Kutibu kisonono mapema kwenye zahanati ya kijiji ni matibabu ya ugumba yaliyo rahisi kuliko yote.

Kadhalika, tunawaomba wanaume wakubali kupimwa mwanzo, si mwisho. Mara nyingi tatizo liko kwa mume, au kwa wote wawili. Mwanamke huchomwa sindano na kumeza vidonge vya kupevusha vilivyonunuliwa dukani bila kipimo chochote, kumbe hitilafu haiko kwake. Uuzaji wa dawa hizo bila cheti cha daktari unapaswa kukomeshwa na wenye mamlaka, kwa kuwa dawa ya kukuza mayai bila kuyatazama kwa ultrasaundi ni kumwingiza mtu hatarini macho yamefumbwa.

Kwa vile wengi wa wasomaji wetu wa visiwani ni Waislamu, yafaa tukumbushe kwamba fatwa iliyotolewa Misri na Sheikh Jad al-Haq Ali Jad al-Haq mwezi Machi 1980 iliruhusu utungishaji wa nje ya mwili kwa mume na mke walio katika ndoa, kwa yai na mbegu zao wenyewe, na ikakataza kuingiza mtu wa tatu. Kwa hiyo mwenye kutibiwa asione haya kwa kufikiri anatenda haramu. Wala asinyamaze, bali aulize kila kitakachotumika ni cha nani. Vituo navyo vina wajibu wa kumwonyesha maandishi, kumweleza aina ya sindano atakayopewa na sababu yake, na kueleza viinitete vitakavyogandishwa vitafanywaje.

Hapo ndipo Serikali inapotakiwa kuingia kwa nguvu. Wenzetu wa Kenya na Uganda wamefikisha miswada ya uzazi wa kusaidiwa katika mabunge yao. Sisi tunaona kwamba kanuni zilizo wazi zitamlinda mgonjwa na zitamlinda daktari mwaminifu. Kila kituo kiandikishe idadi ya waliotibiwa, waliopata watoto hai, na waliovimba ovari. Bila hesabu hizo, mwananchi hununua matumaini gizani.

Mwaka 1973 Taifa hili liliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio na vikundi vya kusikiliza vijijini, na wananchi wakajifunza na kuchimba vyoo kwa mikono yao. Mambo ya homoni si magumu kuliko yale, yakielezwa kwa lugha ya watu. Waganga wa wilaya, walimu, masheikh na mapadri, na viongozi wa Chama katika matawi, wote wana nafasi ya kusema. Wawaambie wananchi kwamba ugumba ni maradhi yenye sababu. Kwamba mengi yake huzuilika. Kwamba kwa yasiyozuilika ipo tiba, ambayo haina ahadi ya hakika. Na kwamba katika tiba hiyo saa ya sindano huheshimiwa kama saa ya chombo kuondoka bandarini.